Mtu wa Vestine

Mmenipa saa ya ukutani. Nawashukuru, ila mjue mmempa saa mtu ambaye tangu Jumatatu hana mahali pa kuwahi. Nimeitundika sebuleni, inanitazama. Na kwa kuwa sasa muda ninao, nitafanya lile mliloniomba siku ya kuniaga, nikalikwepa kwa kusingizia koo. Mliuliza kwa nini kwenye meza yetu ya mchezo kuna sheria ambayo nimewagombeza kwayo miaka yote: mwenye meza hasemi "mtu wako", na hamwamulii mchezaji. Mlidhani ni ukali wa mama mtu mzima. Hapana, ni woga.

Habari za vyeo na mishahara muulizeni mhasibu, anazijua kuliko mimi. Mimi nitaanzia siku nilipofika Gisenyi, mwishoni mwa miaka ya tisini, na sanduku moja na Kiswahili cha Karagwe. Wazazi wangu walikimbilia Tanzania kabla sijazaliwa. Nilisoma huko, nikafundisha huko, na tuliporudi Rwanda nilikuwa mgeni katika nchi niliyosimuliwa tangu utotoni. Kinyarwanda changu kilikuwa cha jikoni. Kituo cha vijana cha Mbugangari kilikuwa na vyumba viwili, kimoja cha useremala, kingine cha ushonaji chenye cherehani sita, nzima zikiwa nne. Mimi niliajiriwa kufundisha kusoma na kuandika na, kama barua ilivyosema, "kuwashughulisha vijana". Siku ya kwanza nilisimama mbele yao nikasema, "Hamjambo, naomba tufahamiane." Walicheka mpaka wengine wakatoka nje kushika ukuta. Kwao anayesema "naomba tufahamiane" ni redio. Tangu hapo nikaitwa Mwalimu Redio, na jina hilo nimestaafu nalo.

Aliyenipokea alikuwa mzee Callixte, mkuu wa kituo, seremala aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, huko Masisi, Kongo. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinionyesha namna ya kushika randa, ingawa sikuajiriwa kuranda, akaniambia kwamba hapa mtu haulizwi alikotoka, siku ya kwanza wala siku ya mia moja. Mpe kazi ya mikono, kaa naye, akitaka atasema mwenyewe. Jambo la pili alilonifundisha ni kufunga mlango saa kumi na nusu, bila kujadiliana na mtu yeyote. Ilikuwa miaka mibaya. Mara nyingine milio ya bunduki ilisikika kutoka vilima vya upande wa Cyanzarwe, na kila mtu alitaka kuwa kwake jua likiwa bado lipo. Nililishika hilo la saa vizuri mno, kama mtakavyoona.

Mpaka nao ulikuwa na tabia zake. Wengi wa vijana wetu, hasa wasichana, waliishi kwa kuvusha vitunguu na kabichi kwenda Goma. Asubuhi wanafika kwenye kizuizi cha mpakani, Grande Barrière, wanaambiwa leo hakuna kupita, na hakuna wa kuwaambia kwa nini. Wanarudi na mizigo yao, wanaiweka ukutani kwetu, wanakaa. Mtu aliyezoea kutembea ukimkalisha, anaanza kufikiri. Niliwaona wakifikiri siku nzima wakitazama mlango, na cherehani nne haziwezi kushughulisha watu thelathini.

Ndipo nikakumbuka boksi lililokuwa kabatini. Liliachwa na mfanyakazi mmoja aliyerudi kutoka Uganda, ambaye alihamishiwa Kigali kabla sijafika. Ndani mlikuwa na dadu za ajabu, moja ina pande ishirini, na kitabu chembamba cha Kiingereza. Nilikisoma kwa wiki mbili kwa Kiingereza changu cha sekondari. Ulikuwa mchezo usio na ubao wala mshindi. Watu wanakaa kwenye meza. Mmoja, mwenye meza, anaeleza mahali: hapa kuna barabara, pale kuna kilima, mvua inakuja. Kila mwingine ana mtu aliyemtunga kichwani na kumwandika kwenye fishi, yaani kadi ndogo, na anasema mtu huyo anafanya nini. Pasipo na uhakika, dadu inaamua.

Kitabu kilisisitiza mambo mawili. La kwanza, mwenye meza anamiliki dunia yote, mvua, mbwa, askari, bei ya unga, lakini watu walioandikwa kwenye fishi si wake. Anaweza kuwawekea ukuta mbele, hawezi kuwaambia waogope. La pili, usimwandike mtu wako akaisha siku ya kwanza. Andika machache, mengine utayajua njiani. Nilikubali yote mawili kwa kichwa. Kukubali kwa kichwa ni kazi rahisi sana.

Shida ilikuja kwenye neno. Yule mtu wa kwenye fishi aitweje? Shuleni Tanzania tulimwita mhusika, kama kwenye hadithi. Basi siku ya kwanza nikagawa fishi na penseli nikasema kwa sauti yangu ya redio, "Kila mmoja aniandikie mhusika wake." Hakuna aliyeandika. Kijana mmoja alirudisha penseli mezani taratibu na kuifuta kwa kiganja. Msichana aliyekuwa karibu na mlango akatoka. Nilikuwa sijui kwamba kwa miaka ile, kwa masikio yale, wahusika ni wale waliohusika na mauaji. Nilikuwa nimewaomba watu thelathini waniandikie majina kwenye karatasi.

Mzee Callixte ndiye aliyeniokoa. Aliweka randa chini, akaja, akawaambia kwa utani kwamba redio imeshika stesheni mbaya. Halafu akanigeukia.

"Bon, Mwalimu, hapa hauwezi sema muhusika. Sema tu mutu wako."

Ikawa mtu wako. Mtu wako anaitwa nani, mtu wako anafanya nini. Wakaandika. Nilijiona mjanja kwa kujifunza upesi, wala sikukaa chini kujiuliza maneno hayo nayo yanabeba nini.

Tuliondoa majumba ya wafalme na majoka ya kwenye kitabu, tukaweka lori linalokwenda soko la mbali, na barabara mbovu. Tulicheza alasiri, kuanzia saa nane, siku ambazo mpaka ulifungwa. Mwanzoni kila mtu alijiandikia ukubwa: kanali wawili, waziri mmoja, na Modeste, mpiga rangi mpole asiyeweza kumfukuza hata kuku, aliandika mtu mwenye nguvu asiyeogopa kitu. Siku ya tatu lori lilifika kwenye daraja la miti. Nikamuuliza Modeste mtu wake anafanya nini. Akafungua mdomo, akafunga, kisha akasema, "Anakaa chini. Hapiti." Nikamuuliza kwa nini. Akasema hajui, lakini hapiti. Hakuna aliyecheka. Alikuwa amemgundua mtu wake pale pale mbele yetu, na nadhani aligundua na jambo jingine ambalo halikutuhusu. Alichukua kifutio, akafuta "haogopi kitu".

Hiyo ndiyo raha ya mchezo huu, na mimi nililewa nayo. Wiki kwa wiki wakubwa wale waliyeyuka. Kanali mmoja akawa mpishi. Waziri akaonekana kuwa mwongo na mwenyewe akafurahi sana.

Vestine hakupitia hayo. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mvusha vitunguu, akijifunza kushona kwetu siku za kufungiwa. Kwenye fishi aliandika mwanamume: Damas, fundi wa magari, mtumia mkono wa kushoto, anaogopa mbwa. Wengine ukiwauliza walikuna vichwa. Vestine hakukuna. Ukimpa Damas chai, anaweka sukari vijiko vinne na kukoroga kwa bisibisi. Ukimwekea mlevi njiani, anamkalisha kivulini na kumvua viatu visiibwe. Kila neno lilikuja mara moja, bila kutafutwa. Na kila tulipofika njia panda, wenzake wakitazama mbele sokoni, Damas aliuliza njia ya kurudi ni ipi.

Nilimsifia kwa mzee Callixte. Nilisema yule msichana ana kipaji, laiti angesoma. Alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti. Alinitazama kwa muda, akasema "Ndiyo," akaendelea kupiga msasa. Leo ningemwelewa mtu kama Vestine ndani ya dakika tano. Wenzake walikuwa wanamtafuta mtu wao. Yeye alikuwa anamkumbuka. Alichokuwa anatafuta ni kile asichokijua tu, yaani njia.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya mvua. Mabati yalipiga kelele, nilikuwa na mafua, na lori langu lilikuwa limefika kwenye mto uliofurika. Nilikuwa nimeandaa, ng'ambo ya mto ule, kijiji kizima nilichokitunga usiku uliopita, na nilitaka wakione. Wote walikubali kuvuka kwa mtumbwi, hata mtu wa Modeste, akiwa amefumba macho. Ilikuwa saa kumi na robo. Vestine akasema Damas havuki, anarudi.

Nilikuwa na haki ya kumwekea mvua. Nilikuwa na haki ya kumwekea mbwa. Badala yake nilisema, "Harudi. Anaona aibu kuwaacha wenzake. Anapanda mtumbwi."

Vestine aliinua uso. Alisema kwa upole kabisa, "Hapana, Mwalimu. Damas anarudi."

Nikakasirika. Nasema wazi, nilikasirika kwa sababu ya kijiji cha kutunga. Nikasema sawa, basi arudi, lakini kumbuka nyuma yenu kijito mlichopita asubuhi nacho kimefurika, atupe dadu, ipite kumi. Alitupa. Ikatoka tatu. Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye kosa langu. Dadu ilisema tu kwamba Damas ameshindwa kuvuka. Angeweza kupoteza viatu. Angeweza kukaa juu ya jiwe mpaka wiki ijayo. Lakini nilitazama saa, ikawa imebaki dakika kumi nifunge mlango, na kifo ndicho kinachomaliza hadithi upesi.

"Anazama," nikasema. "Pole, Vestine. Mtu wako amekufa."

Vestine alisimama.

"Nani alikuambia?"

Nilidhani ananibishia sheria. Nikanyoosha kidole kwenye ile namba tatu. Aliitazama, akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akatoka kwenye mvua bila mzigo wake wa vitunguu. Mimi nikakusanya penseli. Nilifunga mlango saa kumi na nusu kamili.

Kesho yake asubuhi mzee Callixte alikuwa ananingoja nje ya lango amevaa koti lake la kanisani. Aliniuliza nilipata wapi habari. Habari gani? Akaniambia kwamba kwa akina Vestine kuna kilio tangu jana jioni, watu wamelala pale, na mtaa mzima unasema Mwalimu Redio ndiye aliyeleta habari kwamba mtu wao amekufa maji. Wengine walishaongeza kwamba nimeisikia Goma, kwa watu wa kutafuta waliopotea.

Nilisema huo ni mchezo, Damas ni wa kwenye fishi. Akaniuliza:

"Mama yake wanamwita nani, Mwalimu?"

Sikujua. Kwangu alikuwa mama yake Vestine tu.

"Mama Damas," akasema. "Ndiye mtoto wake wa kwanza. Donc mi nilifikiri unajua."

Nikashika lango. Njiani alinieleza mengine, kwa ufupi kama kawaida yake. Walipokuwa kwenye makambi ya wakimbizi ya ng'ambo na mambo yakaharibika, Vestine na mama yake walifuata kundi lililorudi Rwanda. Damas alisukumwa na kundi jingine, lililoelekea magharibi, msituni. Ilikuwa imepita miaka miwili, na hakuna aliyewahi kuleta hata jina la mahali. Mzee Callixte alikuwa ameona fishi ile siku ya kwanza. Aliamini namchezesha Vestine makusudi, kumtuliza moyo, kwa ujuzi wa shule za Tanzania. Alikuwa ameniheshimu kwa hilo.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya kinu cha mahindi. Watu walikaa kwenye mabenchi na kwenye mawe, na kila aliyeingia alimshika yule mama mikono na kumwambia, "Mama Damas, mukomere," yaani jipeni moyo. Nilisikia jina hilo labda mara kumi kabla sijamfikia. Vestine peke yake hakuwa amekaa. Alisimama mlangoni amevaa kitenge chake cha njano cha kila siku, mikono kifuani, na waliokuja kumpa pole hakuwapa mkono.

Nilipiga magoti mbele ya mama yake. Kwa Kinyarwanda changu cha jikoni nilimweleza habari ya dadu, fishi, lori na mto ambao haupo. Nilimwomba msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, macho yamevimba.

"Kwa hiyo hajafa?" akauliza.

Nikasema sijui.

"Basi yuko wapi?"

Nikasema sijui.

Alitikisa kichwa polepole. "Wewe hujui. Mimi sijui. Nimeuliza kila ofisi, hawajui. Miaka miwili hakuna mtu aliyeniambia neno, binti yangu, mpaka jana. Niache nilie."

Wanawake wakamzunguka, wakaanza tena. Mzee Callixte alininyanyua kwa kiwiko. Nilipopita mlangoni nilitaka kumwambia Vestine kitu, akageuza uso. Sijawahi kuona aibu kama ile, na nimefanya kazi na watu zaidi ya miaka ishirini. Kilio kilikwenda siku zake zote. Watu walileta maharage na kuni, padri akaja kusali, na jina la Damas likasomwa pamoja na majina ya marehemu. Mimi pia nilipeleka maharage. Ningefanya nini?

Nilirudisha boksi kabatini na nikaandika barua ya kuacha kazi. Mzee Callixte aliisoma, akaifanya kabari ya mguu wa meza uliokuwa unacheza, akasema vijana wanauliza lori limefika wapi. Hakuwahi kunilaumu. Miezi miwili baadaye tulianza tena, kwa maneno mengine. Tangu siku hiyo swali langu ni moja tu, "Anafanya nini?", na baada ya kuuliza nanyamaza. Kuna siku nimenyamaza mpaka mlinzi akaja kugonga. Nyinyi mnaharakisha. Nimewaona, mna haraka ileile ya kutaka watu waone kijiji chenu.

Vestine alirudi kwenye ushonaji muda mrefu baadaye, msimu wa kiangazi. Alishona kola nzima bila kunitazama. Wenzake walipotoka kwenda kunywa maji, nilivuta kiti nikakaa upande wa pili wa cherehani. Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki nyingi. Nikamwambia kwamba nilikosea, kwamba sheria yenyewe ilikuwa upande wake, na kwamba akitaka tunaweza kusema Damas alishika mzizi, akatoka kwenye maji, anaendelea na njia. Ilitosha yeye kusema.

Alikata uzi kwa meno.

"Mama analala sasa," akasema. "Anakula. Asubui anaimba kidogo. Zamani tulikuwa tunamungoja wawili, Mwalimu. Sasa niko mi peke yangu."

Halafu akapitisha uzi mwingine kwenye sindano. Nilitaka kumwambia basi tutamngoja wote, mimi na yeye, tuwe wawili tena. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini ni mimi niliyemuua, na yeye alikuwa bado anamtazamia mlangoni. Niliyameza, nikakaa pale mpaka kola ya pili ikaisha.